Kupunguza Ucheleweshaji wa Data katika Kompyuta ya Chama cha Msingi
Msimu wa korosho unapoanza Mtwara, karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima hufungua rekodi za wakulima siku nzima, na kompyuta inayosuasua humchelewesha mkulima anayesubiri kwenye mizani. Kabla ya kununua chochote, angalia matumizi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na diski (inakohifadhiwa data ya kudumu) wakati kazi imepamba moto. RAM ikijaa, kompyuta huhamishia sehemu ya data kwenye diski, na hapo ndipo mwendo hudorora: RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), ilhali diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika husubiri wastani wa milisekunde 4 hivi (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde) ili sahani yake yenye data ifike panapohitajika, mbali na muda wa kichwa chake cha kusomea kusogea. Hivyo, ongeza RAM. Ikiwa RAM inatosha lakini diski imeelemewa, nakili kwanza rekodi zote mahali pengine, kisha uzihamishie pamoja na mfumo endeshi (kama Windows) kwenye SSD, aina ya diski ya kielektroniki ambayo haina sehemu inayozunguka. Kwa maoni yangu, hakuna badiliko linalomsaidia karani kuliko hili. Vilevile, mwombe mtaalamu wa programu aweke faharasa (orodha ya kutafutia haraka) kwenye namba ya mkulima, ili hifadhidata isipekue rekodi zote kwa ajili ya mtu mmoja.