Kusuka riwaya ya upelelezi kutokea mwisho: hatua ninazozifuata

Nimeandika hadithi za upelelezi kwa miaka kumi na minne. Nyingi nimewatumia wasomaji kwa mfululizo, sehemu moja moja, mbili tu ndizo zimekuwa vitabu. Chipukizi wanaonitumia ujumbe huuliza wazo linatoka wapi. Wazo si tatizo. Panda daladala ya Mbagala asubuhi, utashuka na mawazo matatu. Tatizo ni sura ya kumi na mbili, pale mwandishi mwenyewe anapokuwa hajui nani kaua.

Hatua ya 1: Andika kilichotokea kweli

Kabla mpelelezi wako hajaamka kitandani, chukua daftari uandike kurasa mbili za tukio lenyewe, bila kumficha mtu. Nani kaua, kwa nini, saa ngapi, kaondokaje, kasahau nini. Andika kikavu, kama maelezo ya kituoni.

Mfano ninaoutumia nikifundisha: mwenye duka la vipodozi Kariakoo amekutwa amekufa ndani ya duka lililofungwa kwa nje. Muuaji ni shemeji yake. Waligombana kwa fedha za mzigo, akamsukuma, marehemu akaangukia kichwa. Kwa kiwewe shemeji hakuliona kufuli la duka, lilikuwa limewekwa kaunta tangu asubuhi. Akafunga mlango kwa kufuli la stoo yake mwenyewe, lililokuwa mkobani. Kesho yake, watu wamejaa kibarazani, anajitokeza na "ufunguo wa akiba" kuwafungulia polisi kabla hawajakata kufuli.

Hapo hadithi nzima imekwisha. Unachobakiza ni kuifukia.

Hatua ya 2: Fukia mbele ya macho

Kidokezo kikubwa kiweke katikati ya orodha, kisha kifuatishe na kitu chenye mvuto zaidi. Hivi:

"Kaunta palikuwa na kikokotoo, daftari la madeni, kufuli lililo wazi, na kikombe cha chai chenye alama ya rangi ya mdomo."

Msomaji ataondoka na rangi ya mdomo. Wiki nzima atamtafuta hawara. Kufuli amelisoma, lakini hakuliona, na ukimrudisha kwenye sentensi hiyo sura ya ishirini atajipiga kofi la paji. Ila hata ile rangi ya mdomo lazima uilipie. Kama ni ya msichana wa dukani aliyekuwa akijaribu bidhaa, sema hivyo mahali fulani. Ukimpoteza msomaji kwa kitu ambacho hukirudii tena, umemwibia.

Tangu mpelelezi Bwana Msa wa mwandishi Muhammed Said Abdulla aingie kitabuni mwaka 1960, wasomaji wa Kiswahili wamezoea kushindana na mpelelezi. Angalia pia kwamba Bwana Msa ana msaidizi wake Najum pembeni. Mpe wako mtu wa kumuuliza maswali, la sivyo atakuwa anaongea peke yake kama mgonjwa wa homa.

Hatua ya 3: Pima saa, njia na mwaka

Hapa ndipo nilipoaibika. Hadithi yangu moja ilikuwa ya mwaka 2011. Muuaji alipanda basi Ubungo saa nne usiku, asubuhi akanywa chai Mwanza. Msomaji mmoja, dereva mstaafu, akaniandikia: "Mtunzi, hilo basi liliendeshwa na majini?" Alikuwa na haki. Miaka ile mabasi ya abiria yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku kucha, na marufuku hiyo iliondolewa 2023. Halafu Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Nilikuwa nimeshatuma sehemu ya thelathini. Nikalazimika kumfanya muuaji augue malaria Morogoro ili nipate siku mbili za bure.

Sasa kila hadithi ina karatasi yake ya mwaka. Daraja la Kigamboni limefunguliwa 2016. Kabla yake mtu wako alipanda pantoni au alizunguka Kongowe. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, kwa hiyo simu ya vitisho ya baada ya hapo ina kidole cha mtu nyuma yake. Usilalamike, hiyo ni zawadi. Laini ikionekana imesajiliwa kwa kidole cha bibi wa miaka themanini kijijini, una sura tatu mkononi.

Lakini saa tamu kuliko zote imo kwenye lugha yenyewe. Mzee wa Pwani akikwambia alimwona mtu "usiku wa Ijumaa," anaweza kuwa na maana ya usiku unaoamkia Ijumaa, ambao wengine tunauita Alhamisi usiku. Niliwahi kujenga kitabu kizima juu ya hilo: askari kijana wa bara anaandika Ijumaa, mtuhumiwa ana mashahidi arobaini wa harusini Ijumaa usiku, faili linafungwa. Muuza kahawa aliyetoa ushahidi hakusema uongo hata mara moja. Tafuta vitu vya namna hiyo. Haviazimwi kwenye filamu.

Hatua ya 4: Kituoni

Fupi tu: majeruhi anahitaji PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mlalamikaji anapewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa, na mjumbe wa mtaa huwa ameshajua kila kitu kabla ya gari la polisi kufika. Mengine kaa kwenye benchi la kituo nusu siku usikilize.

Hatua ya 5: Mahali pa kuandika "Itaendelea"

Wengi hukata sehemu pale bastola inapoelekezwa kichwani. Msomaji anajua shujaa hafi sehemu ya tisa. Kata pale anapopata jibu linalovunja jibu la jana: "Kufuli hili? Marehemu hakuwa nalo hili."

Usianze kutuma kabla hujawa na sehemu kumi mkononi. Mimi huandika saa kumi alfajiri, kabla ya kazi inayolipa kodi ya nyumba, na kuna wiki umeme na watoto hukataa kwa pamoja. Kuhusu watakaoinakili hadithi yako na kufuta jina lako, watatokea. Taja jina la mpelelezi na mtaa wake kila sehemu, wachoke kufuta.

Mwisho, mpe mtu mmoja asome yote kabla ya kuituma. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize amemjua muuaji ukurasa wa ngapi. Akisema wa tano, rudi hatua ya 2. Akisema hata sasa haamini ni shemeji, rudi hatua ya 2 vilevile.