Somo: Mgeni Akishapigiwa Makofi, Kisha?

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo.

Mimi ni mwinjilisti wa kanisa dogo upande wa Magu, kwenye Ghuba ya Speke, robo saa kwa miguu kutoka mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Jumapili nzuri tunafika 70, watoto wakihesabiwa. Kwa miaka kadhaa daftari letu la wageni lilijaa majina, na mabenchi yakabaki na watu walewale. Siku moja nilikaa na katibu tukalipitia. Kurasa mbili nzima za wageni, waliobaki hawakumaliza vidole vya mkono mmoja. Na hakuna aliyetukanwa wala kufukuzwa! Wote walisimamishwa, wakaimbiwa, wakapigiwa makofi matatu ya kichungaji. Tukawa tumemalizana nao hapo hapo.

Ninayoandika ni yale tuliyobadilisha baada ya siku ile. Mengine yalitushinda, nitayasema.

HATUA YA 1: Tazama mwezi kabla ya ratiba

Wa bara mtanivumilia, wa pwani ya ziwa mnajua. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa taa haina kazi, mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu au wanaenda makwao kusalimia. Sasa Jumapili ya giza, saa tatu asubuhi, mvuvi ndiyo kwanza amelala, na mama mwanikaji yuko juani na dagaa wake. Sisi tulikuwa tunapiga kengele na kusema watu wa mwaloni wamemkataa Mungu.

Kalenda ya kanisa letu sasa ina alama za giza na mbalamwezi. Ibada ya saa tatu iko palepale. Jumapili za giza tunaongeza ibada fupi saa kumi jioni, hukohuko mwaloni chini ya mti, dagaa wakishaanuliwa na mitumbwi haijaondoka. Dakika 50, kwaya moja. Ziara kwa wanaume tunazipanga mbalamwezi, maana ndipo utamkuta mtu ameamka na ana nafasi ya kuongea.

HATUA YA 2: Mlango na benchi

Mgeni hukaa nyuma karibu na mlango. Kila mahali duniani nadhani ni hivyo. Shida ni kwamba vijana wetu nao wanapenda benchi hilo, wakatoke kupokea simu. Wahamisheni. Benchi la mwisho liwe la wageni na la mwenyeji mmoja mmoja wa kukaa nao: mama kwa mama, kijana kwa kijana, mwenye Biblia na kitabu cha nyimbo cha kushirikiana. Msimpangie kazi hiyo mzee mwenye suti, mgeni atadhani anasailiwa.

Halafu kuna viti vya plastiki. Kanisani kwetu vilikuwa vinne, mbele, pembeni ya madhabahu. Akija mnunuzi wa samaki na pikipiki yake mpya, shemasi anakimbia kumvutia kiti. Akija mama aliyetoka kuanika, anaonyeshwa benchi lenye mguu mbovu. Someni Yakobo sura ya 2, ile ya mwenye pete ya dhahabu na mwenye mavazi mabovu, mwone kama hakuandikiwa Magu. Viti vile sasa ni vya wazee wenye magoti mabovu. Mnunuzi anakaa benchi kama sisi, na hajalalamika.

Nisimulie kidogo. Msimu wa vuli, mahubiri yamefika katikati, wingu likapanda kutoka ziwani. Nyuma kulikuwa na mama mgeni, Jumapili yake ya pili, kanga bado ina magamba ya dagaa yanayometameta. Akawa anachungulia nje, anarudisha macho kwangu, anachungulia tena. Nikajua anaogopa kutoka. Kabla sijasema neno, mama mmoja wa kwaya akamshika mkono: “Twende, mayu,” yaani mama. Wakatoka mbio na vijana wawili. Walirudi tunatoa sadaka, wamelowa mpaka vichwani, wananuka dagaa wote wanne, na dagaa wamepona. Siku ile mahubiri yangu hayakumsaidia mtu. Yule mama yupo mpaka leo, na wingu likionekana ndiye anayeniashiria kwa mkono: Mwinjilisti, fupisha.

HATUA YA 3: Utambulisho usiwe kituo cha polisi

Tulikuwa na maswali manne mbele ya watu wote: unaitwa nani, umetoka wapi, unasali dhehebu gani, umeokoka? Mwaloni kuna watu waliokuja kuanza upya. Yupo aliyekimbia deni, yupo aliyeachika, yupo aliyeacha mke Musoma na hajaamua. Ukimsimamisha aseme ametoka wapi mbele ya watu 70, atakutajia mahali popote halafu hutamwona tena.

Sasa mwenyeji wa benchi anamuuliza kwa sauti ya chini: “Ungependa tukutaje, au ukae tu kwanza?” Akikubali, mwenyeji ndiye anayesimama: “Nimekaa na ndugu fulani, tumkaribishe.” Basi. Wimbo mmoja unatosha.

Na lugha. Sisi Wasukuma tukichangamka tunasahau. Mahubiri yanaanza kwa Kiswahili, matangazo yanaingia Kisukuma, na utani wote ni wa Kisukuma, watu wanacheka mpaka machozi, Mjita na Mhaya wamekaa wanatabasamu kwa adabu. Kusalimiana “mwangaluka” mlangoni ni kuzuri, mgeni atajifunza. Ila matangazo yawe Kiswahili, kwa sababu humo ndimo mnamosema kikao ni lini na chakula kiko kwa nani.

HATUA YA 4: Pale nje

Hapa ndipo tulipopoteza watu wengi, na sikuwahi kupaona. Baada ya baraka tunatoka kwa wimbo, tunafanya duara, kila mtu anampa mkono kila mtu. Mgeni anashikwa mikono 70 ndani ya dakika tano. Kisha duara linavunjika, wenyeji wanasimama vikundi vikundi na mazungumzo yao ya wiki nzima, na mgeni anabaki peke yake na mkono wake. Anaondoka polepole, labda mtu atamwita. Hakuna anayemwita.

Mwenyeji wa benchi asimwache mpaka amkabidhi kwa mtu wa tatu. Si lazima kiongozi. Bora ni jirani wa njia moja, watembee pamoja kurudi.

Pia tuna mnada. Nyie mnaujua: kuku, kisado cha michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), mkungu wa ndizi, vilivyotolewa sadaka. Yai moja linapanda mpaka elfu mbili kwa mzaha, watu wanashangilia. Mnada ni mahali pazuri kuliko ibada kwa kumjua mtu, lakini mnadishaji wetu alikuwa na tabia ya kusema “na mgeni wetu je, hatuoni mkono!” Marufuku. Asiye na hela anafedheheka, mwenye nazo anajiona ameitwa kuchunwa. Siku hizi mwenyeji akinunua michembe hupenda kumgawia mgeni mafungu mawili matatu aondoke nayo. Imekuwa desturi, hakuna aliyeiandika.

HATUA YA 5: Kabla ya Jumatano

Daftari la wageni lina safu tatu: jina, anapolala, na nani atamtembelea. Safu ya tatu ikiwa tupu, katibu hafungi daftari. Wanaenda wawili, kabla ya Jumatano, baada ya saa ya chakula ili asihangaike kuwapikia. Nusu saa inatosha. Usiende na mahubiri. Muulize maji anachota wapi, jirani yake ni nani, usiku akiugua nani atamsikia.

Wakatoliki wametuzidi hapa, tuseme ukweli. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele tangu miaka ya 1970, na ndiyo maana Mkatoliki akihamia mwaloni Jumatatu, wiki hiyohiyo anajua anasali nyumba ya nani. Sisi tumeanza jumuiya tatu tu: mwaloni, senta na mlimani. Ya mlimani imelala, sijui nifanyeje nayo.

HATUA YA 6: Mpe jembe

Siku ya tatu, wahenga walisema. Sisi ni Jumapili ya tatu: kufagia, kuchota maji ya maua, kushika taa, kupanga mabenchi, kusoma somo kama anapenda. Kitu kidogo ambacho asipokuja kitaonekana hakijafanyika, na mtu atauliza yuko wapi.

MASWALI YA WASHIRIKI

Mzee wa kanisa, Sengerema: Mwinjilisti, kwetu mgeni asiye na barua ya utambulisho kutoka kanisa alikotoka hapewi hata ufagio. Huoni mnalegeza utaratibu?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Barua ni ya ushirika, uongozi na meza ya Bwana, na hapo hatujalegeza. Ufagio hauhitaji mhuri. Tunachofanya ni kumsaidia kuitafuta: tunamuuliza taratibu, wakati wa ziara, mchungaji wake alikuwa nani, tunapiga simu sisi. Sisi AICT, Africa Inland Church Tanzania, tunahesabu mwanzo wetu pale Nassa mwaka 1909, na walioleta Injili ile walikuwa wageni tupu. Sidhani walisimama ufukweni na barua ya mchungaji wa jirani.

Kijana wa kwaya, Misungwi: Kaka, hiyo ya jembe nimeipenda. Tuna dada mgeni ana kipaji cha watoto, tumempa Sunday school wiki ya pili. Ni sawa?

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Mwombeni radhi kwa upole na mmpe kazi nyingine. Watoto na fedha hapewi mtu ambaye hatujajua alikotoka, hata awe na sura ya malaika. Apite miezi, muulize kanisa lake la zamani, na hata akipewa, wawe walimu wawili darasani muda wote. Mwelezeni kwamba kanuni ni ya wote. Mwenye nia njema haoni shida.

Mama wa jumuiya, Ukerewe: Wageni wengine kwetu wanakuja na shida tu, kodi, nauli. Tukiwapa wanapotea, tukiwanyima tunaumia. Mnafanyaje?

Jibu: Pole mama, na sisi yalitukuta. Mchungaji hatoi hela mfukoni mwake, wala mimi. Kuna akina mama wawili wanaoshika kikapu cha unga, maharage na dagaa, wao ndio wanaamua. Chakula hakikopeshwi. Nauli tunatoa tukiona msiba au ugonjwa, na tunakata tiketi wenyewe. Wapo wanaochukua na kupotea. Hatujapata dawa ya hilo, na sijui kama ipo.

Mzee, Magu: Nakujua na kanisa lako nalijua. Ibada ya mwaloni imegawa watu. Wa saa tatu na wa saa kumi hawajuani.

Jibu: Ni kweli mzee, na umenipata. Tulichelewa kuliona. Sasa kila mbalamwezi Jumapili moja tunaunganisha, tunakula pamoja: ugali, sato akipatikana, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na chai. Mara ya kwanza walikaa pande mbili kama mechi. Mara ya tatu akina mama walichanganyika kwenye masufuria, wanaume bado.

Mwinjilisti, Buchosa: Mwenzangu, wavuvi wangu wanapiga dago, kambi za kuhamahama. Miezi miwili wako kisiwani, kisha wamehama na samaki. Kuna faida gani kujenga na mtu wa kuondoka?

Jibu: Mwinjilisti mwenzangu, nilikuwa nauliza hivyohivyo. Tukapata msiba. Kijana aliyekuwa amesali kwetu mara mbili alizama usiku wa upepo. Tulimjua kwa jina moja, lile la utani la mwaloni. Uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi hapo mwaloni, ulikuwa na jina jingine. Simu yake ilizama naye. Tulikaa siku tatu tukipiga simu kambi kwa kambi mpaka tukampata mtu aliyemjua kaka yake, na mama mzazi akafika kaburi limeshafunikwa. Alituuliza swali moja tu, kama alikuwa na mtu hapa. Tukatazamana.

Kwa hiyo nilisema daftari lina safu tatu, ila kuna karatasi nyingine haikai kanisani. Wale wawili wanaokwenda kabla ya Jumatano, wakishazoeana na mgeni na chai imeshanywewa, wanamuuliza nyumbani kwao apigiwe nani. Anayetaka anataja. Wengine wanataja ziara ya tatu. Akihama tunampa namba ya kanisa la kule anakoenda, na jina la mtu wake wa nyumbani tunalitunza.