Kuvua besi Naivasha siku ya hali ya hewa isiyotabirika

Saa 12 asubuhi maji ya Ziwa Naivasha mara nyingi huwa yametulia tuli. Kufikia saa 8 mchana upepo umeshika na mawimbi yanarusha maji ndani ya boti, na huenda katikati hapo mvua imepita. Anayevua kwa namna moja tangu alfajiri atapata samaki asubuhi, kisha atashinda akirusha chambo bure, maana samaki wamehama naye hajahama.

Besi ni samaki mgeni mwenye asili ya Amerika Kaskazini, aliyepandikizwa humu mwaka 1929. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa maji yasiyo na chumvi, na besi humla sana. Kwa hiyo anza na mnyoo wa plastiki laini wa sentimita 10 hadi 15, rangi ya damu ya mzee au kahawia. Mshipi wa kilo 5 unatosha, ndoana iwe namba 3/0.

Ufungaji ndio unaoamua siku. Pitisha mshipi kwenye chubwi (uzito wa kuzamisha chambo) lenye tundu, ncha nyembamba ikitazama juu, kisha funga ndoana. Ingiza ncha ya ndoana kichwani mwa mnyoo kiasi cha milimita 5, itoe ubavuni, vuta hadi jicho la ndoana lizame, igeuze, halafu choma ncha mwilini mwa mnyoo na uiache imejificha. Hapo haitanasa mafunjo. Inua uutazame: lazima uning'inie umenyooka. Ukipinda hata kidogo utazunguka majini kama pia, na baada ya mirusho kumi mshipi umesokotana. Uchomoe, uanze upya.

Asubuhi ya utulivu tumia chubwi la gramu 5. Kaa mita 15 kutoka kwenye mafunjo, rusha hadi ukingoni kabisa, uache chambo kizame kwa uzito wake. Tazama mshipi unapoingia majini: ukisimama kabla ya chini au ukienda upande, kuna samaki. Kunja mshipi uliolegea, kisha inua fimbo kwa nguvu. Wengi huinua mshipi ukiwa bado umelegea, na nguvu yote huishia hewani. Breki ya rili, kifaa cha kukunjia mshipi, ifungwe ianze kuachia kwenye kilo 1.5 hivi, ikikazwa zaidi mshipi utakatika, ikilegezwa mno besi atajitosa kwenye mizizi.

Jua likiwa kali, besi hujibana kivulini: chini ya magugu maji, na kando ya vigogo vya migunga iliyokufa maji yalipopanda. Rusha karibu kabisa na kigogo, maana kivuli ni chembamba. Wingu likifunika, hutawanyika na kuwinda wazi. Badili uweke chambo kinachotembea, kama samaki bandia au kijiko kinachozunguka, ukague eneo kubwa haraka.

Makala ya uvuvi kutoka nchi za baridi husisitiza sana mgandamizo wa hewa. Hapa uko chini ya digrii 1 kutoka ikweta, ambako mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu wake, mvua inyeshe isinyeshe. Fuata upepo, mwanga na rangi ya maji.

Upepo ukianza, wengi hukimbilia upande uliotulia. Kwa saa ya kwanza hilo ni kosa, kwa sababu mawimbi husukuma vidagaa hadi ukingo yanakopiga, na besi hufuata. Ongeza chubwi hadi gramu 10 au 14, rusha chini chini, na ncha ya fimbo iwe karibu kugusa maji ili upepo usipinde mshipi. Nanga ifungwe mbele ya boti, kamba mita 15 kwa kina cha mita 3. Ukiifunga nyuma, mawimbi yatapandia pale ukingo wa boti ulipo chini na kuijaza. Maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, ondoka, samaki haoni tena chambo.

Ziwa hili halina kina kirefu, hivyo mawimbi yake ni mafupi na makali. Muulize nahodha jana upepo ulitokea wapi, anzia upande huo, ili wakati wa kurudi ukusukume. Angalia pia visiwa vya magugu vinavyoelea: upepo unaweza kuvisogeza hadi vikufungie njia. Usipite kati ya kiboko na maji yenye kina, ndiyo njia yake ya kukimbilia. Usisogelee mafunjo giza likiingia.

Radi ni jambo jingine. Hesabu tangu umeme umulike hadi ngurumo isikike. Sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, laza fimbo, hasa ya kaboni, na uelekee nchi kavu. Rudi majini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kabla ya safari, chukua leseni ofisi ya uvuvi na uulize kama ziwa limefungwa. Besi unayemrudisha mshike kwa mikono iliyolowa, kidole gumba kwenye mdomo wa chini, mkono wa pili tumboni, wala asikae nje zaidi ya dakika moja. Usimhamishe akiwa hai kwenda bwawa au mto mwingine, wala yule kamba mwekundu, kwani wote wawili hula samaki wadogo na mayai ya maji wanayoingia.