Unataka kuhama raga ya 13 uende ya 15? Soma hii kwanza

Raga ya watu 13 ndo ligi, ya 15 ndo yunioni. Mechi yangu ya kwanza ya yunioni sikumaliza hata dakika tano refa hajanipulizia. Nilikabwa, nikaanguka, nikainuka na mpira wangu kama nilivyozoea miaka yote ya ligi, nikauweka chini nikausukuma nyuma kwa mguu, halafu nikashangaa mbona watu wote wananiangalia. Filimbi, penati, wenzetu wakapiga katikati ya milingoti, pointi 3 zimeenda hivyo. Kwenye ligi ile ndo kazi yenyewe, kwenye yunioni ukishaangushwa na umeshikwa mpira unauachia hapo hapo.

Kwa hiyo anzia chini kwenye nyasi. Mambo ya trai (kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) kuwa pointi 4 ligi na 5 yunioni, penati 2 ligi na 3 yunioni, hayo utayashika siku moja tu. Cha kukuumiza kichwa ni raki, yaani kule kugombania mpira ulio chini baada ya mtu kukabwa. Chukua wenzako wawili, mmoja akuangushe, mwingine asimame juu yako anataka kukupokonya, wewe kazi yako ugeuze mwili uwe katikati ya huyo mtu na mpira, unyooshe mikono, uulaze mpira upande wa kwenu mbali na wewe kadri mkono unavyofika, uachie. Rudia mpaka ufanye bila kufikiria. Halafu geuzeni, sasa wewe ndo unakaba, na hapa watu wa ligi tunaaibika sana, kwa sababu kule tumefundishwa kumlalia mtu juu, wawili watatu, kumchelewesha asiinuke haraka ili wenzetu warudi mita zao 10. Ukifanya hivyo yunioni ni penati. Ukimwangusha unamwachia, unatoka njiani, na ukitaka kugombania mpira uwe umesimama kwa miguu yako.

Kingine ni saa ya kichwani. Kwenye ligi unahesabu bila kujua mara mlizokabwa, moja, mbili, tatu, ya tano inabidi mtu apige teke maana wakikukaba ya sita mpira si wako tena. Yunioni hakuna hesabu. Timu inaweza kukabwa mara 20 na zaidi na bado ikabaki na mpira, au ikapiga teke mara ya kwanza tu. Mwanzoni nilikuwa naona wenzangu kama wamechanganyikiwa, kumbe wanasoma uwanja, wako wapi, nani ameachwa nyuma, ndo wanaamua. Usipojifunza hilo utakuwa unakimbia vizuri tu, ila mahali pasipo na maana.

Sasa namba, na hapa ndo naona watu wanaharibiwa kazi zao kabisa. Kwanza jezi zisikuchanganye, 7 ya ligi ni yule fundi wa kugawa mpira, 7 ya yunioni ni flanka, mtu wa pembeni ya skram anayeishi kwenye raki, 13 ya ligi ni fowadi, mtu wa mbele wa kazi ngumu, na 13 ya yunioni ni senta wa nje. Ukiuliza mimi, kama una mbio anzia pembeni au nyuma kabisa. Jason Robinson alitoka Wigan ya ligi akaenda Sale ya yunioni mwaka 2000, wakamweka winga wa pembeni na namba 15 wa nyuma kabisa, yaani wakampa mpira na nafasi na beki mmoja mbele yake, kitu alichokuwa anafanya tangu zamani. Fainali ya Kombe la Dunia la yunioni 2003 pale Sydney, Uingereza na Australia, kulikuwa na trai mbili tu na zote zilifungwa na watu waliotoka ligi. Kwanza Lote Tuqiri wa Australia, mwenzake Larkham kapiga teke la juu kuelekea pembeni, Tuqiri akaruka juu ya Robinson huyo huyo akaudaka akafunga. Halafu karibu na mapumziko Dallaglio wa Uingereza akapasua, akampa Wilkinson, Wilkinson akampa Robinson kushoto, jamaa akateleza na mpira mpaka konani. Kazi yao hapo haikuwa raki, ilikuwa ni kuruka, kudaka na kukimbia.

Linganisha na Sam Burgess. 2014 kachukua ubingwa wa ligi na South Sydney, fainali kacheza na mfupa wa shavu umevunjika, mtu chuma kweli kweli. Akahamia Bath ya yunioni, klabu ikamtumia flanka namba 6, timu ya taifa ikamtaka senta namba 12, kazi mbili mpya ndani ya mwaka mmoja na Kombe la Dunia 2015 linabisha hodi. Uingereza wakatolewa kwenye makundi wakiwa nyumbani, lawama nyingi zikamwangukia yeye, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi South Sydney. Mimi simlaumu hata kidogo. Kabla ya kusaini uliza kocha, nitacheza namba ngapi, na ukiwa na ndoto ya timu ya taifa hakikisha huko nako wanakuona namba hiyo hiyo.

Kama ni fowadi, jipe muda mrefu zaidi, skram ya ligi siku hizi ni kuegemeana tu, ya yunioni ni watu wanane wanasukuma wanane na shingo yako lazima izoee polepole chini ya mtu anayeijua, usijaribu peke yako. Laini-auti nayo, ile ya kurusha mpira uliotoka pembeni kati ya mistari miwili ya wachezaji, hujawahi kuiona. Ila inawezekana, Brad Thorn alianza Broncos ya ligi, akaenda Crusaders ya yunioni, akarudi Broncos, akaenda tena yunioni, 2011 akabeba Kombe la Dunia na New Zealand akiwa na miaka 36.

Mkataba usiwe mrefu sana. Zamani kuhama kulikuwa safari ya kwenda tu, Jonathan Davies alivyotoka Llanelli ya yunioni kwenda Widnes ya ligi 1989 mlango wa yunioni ulifungwa nyuma yake, ukafunguka 1995 yunioni ilipokubali kulipa wachezaji, ndo akarudi Cardiff. Leo unaweza kwenda na kurudi kama Sonny Bill Williams, Kombe la Dunia 2011 na New Zealand, 2013 ubingwa wa ligi na Roosters, 2015 Kombe la Dunia tena. Yeye alipenda mikataba mifupi na watu walimsema sana, ila angalia kabati lake.

Na ukirudi ligi, pumzi ndo ya kwanza kukusaliti, ile ya kurudi mita 10 kila mtu akikabwa, mbele nyuma mbele nyuma dakika 80, anza kuifanyia mazoezi wiki kadhaa kabla. Mimi nilirudi nikiwa fiti, hapo sikukosea. Mpira wa kwanza nikaupata, nikakabwa, nikageuza mwili vizuri kabisa, nikanyoosha mikono, nikaulaza, nikauachia. Jamaa wa upande wa pili akauokota akaondoka nao.