Kabla ya kununua gemu ya kutisha ya kutafuta vitu vilivyofichwa

Ukisoma maoni ya wachezaji, ziruke nyota tano na nyota moja. Nenda moja kwa moja kwenye nyota tatu. Huko ndiko utamkuta mtu anayesema hadithi ni tamu lakini picha zina giza mno, au kwamba mizimu imekuwa ile ile tangu gemu ya Ravenhearst ya mwaka 2006.

Malalamiko nayo yapime. "Fupi sana" mara nyingi ni la mtu aliyebonyeza kitufe cha kidokezo (kinachokuonyesha kitu kilipo) kila dakika. "Haitishi" ni suala la moyo wa mtu. Ila wengi wakilalamika kwamba kitu wanakiona, wanakibonyeza, na gemu haikubali, hapo shtuka. Hakuna kinachokera kama kubonyeza ufunguo ulio wazi kabisa juu ya jeneza mara nne, kisha mchezo unakuadhibu eti unabahatisha!

Toleo la wakusanyaji (Collector's Edition) huwa na sura ya ziada na mwongozo wa hatua kwa hatua. Angalia kama wachezaji wanasema hadithi kuu inaisha yenyewe bila hiyo sura. Ikiisha, toleo la kawaida linatosha.

Na kama kuna jaribio la bure, lichezee usiku, taa zimezimwa, spika za masikioni zimevaliwa. Mlango ukilia kwiii nyuma yako ukageuka kutazama, nunua. (Mimi huongeza mwanga wa skrini kwanza. Bunduki ya kale ndani ya kabati jeusi haionekani hata kwa miwani.)