Kubeba maktaba za Django ndani ya mradi wenyewe

Zipo seva zisizo na intaneti, na zipo za kukodi ambazo mwenyewe haruhusu usakinishe chochote. Kwa hali zote mbili, mradi wa Django (mfumo wa kujengea tovuti kwa Python) unaotegemea maktaba za watu wengine hauna budi kusafiri nazo. Kama seva yako inakuruhusu kutengeneza mazingira pepe ya venv (folda ya pembeni yenye maktaba za mradi mmoja), usijisumbue na njia hii: pakua mafaili ya .whl (vifurushi vya maktaba vilivyo tayari kusakinishwa) kwa pip, programu ya kusakinisha maktaba za Python, ukitumia `pip download`, yapeleke, kisha uyasakinishe hukohuko kwa `pip install --no-index --find-links`. Maelezo haya ni ya yule asiye na nafasi hiyo.

Katika requirements.txt, faili la orodha ya maktaba za mradi, andika kila maktaba pamoja na namba kamili ya toleo lake, kisha endesha amri hii ukiwa kwenye folda kuu ya mradi:

`pip install --target vendor -r requirements.txt`

Amri hiyo huziweka maktaba katika folda ya vendor. Python haitaitazama folda hiyo mpaka uionyeshe, kwa hiyo weka mistari ifuatayo juu kabisa ya manage.py, kabla ya Django kuitwa:

`import sys`
`from pathlib import Path`
`sys.path.insert(0, str(Path(__file__).resolve().parent / "vendor"))`

Rudia vivyo hivyo katika wsgi.py, faili ambalo seva hulitumia kuendesha tovuti, ila kwa kuwa faili hilo hukaa folda moja ndani zaidi, andika `.parent.parent`. Anayeweka mistari hii kwenye wsgi.py peke yake ataona tovuti inafunguka vizuri, halafu amri ya migrate (ya kusasisha hifadhidata), ambayo hupitia manage.py, inagoma. Ile sifuri nayo ina kazi yake, kwani ukitumia append badala ya insert, maktaba iliyokwisha kusakinishwa kwenye seva ndiyo itakayochukuliwa kwanza, hata ikiwa ya zamani. Kuhakikisha, fungua `python manage.py shell`, andika `import django`, kisha uitazame `django.__file__`; njia itakayotokea sharti ipitie vendor.

Shida kubwa iko kwenye maktaba zenye sehemu zilizokompailiwa, yaani zilizogeuzwa kuwa lugha ya mashine ya mfumo fulani. Niliwahi kuandaa vendor kwenye Mac, nikaipeleka kwenye seva ya Linux, na Pillow, maktaba ya picha, ikanijibu kwamba haiwezi kuipata `_imaging`. Faili lilikuwepo, ila jina lake liliishia na `darwin.so`, yaani lilikompailiwa kwa ajili ya Mac. Dawa ni kuiambia pip mapema mfumo na toleo la Python la huko uendako:

`pip install --target vendor --platform manylinux2014_x86_64 --python-version 3.11 --only-binary=:all: -r requirements.txt`

Mtego mwingine umo kwenye .gitignore, faili linaloorodhesha mafaili ambayo Git haitayahifadhi. Kiolezo cha Python kinachotolewa na GitHub huyaacha nje mafaili yote ya .so (msimbo uliokompailiwa) na ya .mo (tafsiri), pamoja na folda yoyote iitwayo lib; ndiyo maana nimechagua jina la vendor. Ukifanya `git add` ya kawaida, Pillow itapanda ikiwa pengo, na tafsiri za maktaba zitatoweka bila onyo lolote, jambo ambalo kwa tovuti ya lugha mbili huchukua siku kugundulika. Tumia `git add -f vendor`, na uifanye kuwa commit ya peke yake.

Usihariri chochote ndani ya vendor kwa mkono. Pip yenyewe hubeba maktaba za wengine katika folda ya `_vendor`, na marekebisho yake huyatunza pembeni kama viraka, ili yaweze kurudishwa kila toleo jipya linapoingia. Usifute pia folda za .dist-info ukidhani ni takataka, kwani humo ndimo zilimo leseni, ambazo nyingi zinakutaka usambaze tangazo la hakimiliki pamoja na msimbo, na baadhi ya maktaba husoma namba ya toleo lao humohumo.

Wakati wa kupandisha toleo, futa vendor yote uijenge upya, maana `--target` haibadilishi kilichopo usipoongeza `--upgrade`. Dosari za kiusalama zitarekebishwa huko zilikotoka bila wewe kuletewa habari, kwa hiyo kila mwezi, kwenye kompyuta yenye intaneti, endesha `pip list --path vendor --outdated`.