Kuyeyusha Manyoya ya Kuku kwa Bakteria

Unyoya ni keratini kwa takribani asilimia 90, protini iliyokazwa kwa vifungo vya salfa. Keratinasi huivunja, lakini ukichuja kimeng'enya hicho na kukimwaga juu ya manyoya, mara nyingi kazi hukwama njiani: hakuna wa kufungua vile vifungo. Bakteria hai huvifungua. Basi otesha bakteria aitwaye Bacillus licheniformis juu ya manyoya yenyewe.

Osha manyoya kwa maji moto na sabuni, suuza, kausha kwenye nyuzijoto 60, katakata vipande vya sentimita 1. Yakibaki na mafuta yataelea tu.

Kwa lita 1 ya maji tia manyoya gramu 10, kloridi ya amonia gramu 0.5, chumvi 0.5, fosfati mbili za potasiamu (K2HPO4 0.3, KH2PO4 0.4), kloridi ya magnesi 0.1 na dondoo ya hamira 0.1. Weka pH (kipimo cha uasidi) 7.5. Sukari usiguse: bakteria wakishiba kirahisi hupunguza kutengeneza keratinasi.

Gawa mililita 100 kwa kila chupa ya mililita 500, maana hewa ni muhimu. Chemsha kwa otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo), nyuzijoto 121, dakika 15. Ikipoa, tia mililita 5 za mbegu ya bakteria iliyooteshwa usiku mmoja. Chupa moja iache bila mbegu; manyoya yake nayo yakilainika, otoklevu ndiyo iliyoyapika, usiwasifu bakteria. Tikisa mizunguko 150 kwa dakika kwenye nyuzijoto 50. Weka alama ya kimo cha maji na ujazie maji yaliyochemshwa kwa otoklevu, kwani joto hilo huyakausha.

Nyuzi za pembeni hutangulia kuchanika na mchuzi huwa mzito. Uti wa unyoya hubaki mwisho, pengine hadi siku ya 7 au zaidi. pH hupanda kwa sababu ya amonia. Kama haipandi na manyoya ni mazima, mbegu imekufa au hewa haitoshi.

Ukitaka kimeng'enya, pima nguvu yake kila siku na uvune ikifika kilele, kwa sababu baadaye hujila chenyewe. Kwa kunyonyoa ngozi viwandani, jaribu kwanza kwenye kipande: kimeng'enya kikigusa kolajeni, protini inayoishika ngozi, uso wa ngozi huharibika.

Ukitaka mbolea au chakula cha mifugo, subiri uti uishe, chuja, kisha rudisha kwenye otoklevu. Mbegu-sugu (spora) za Bacillus hazifi kwa kuchemsha sufuriani. Katika chakula ongeza asidi amino za methionini, lisini na histidini, ambazo unyoya hauna za kutosha.